Hema la Shemeji Limetoroka

Mtu aliyekulia Mwanza hatishiki na neno ziwa. Shemeji yangu anayeishi Brooklyn Park, Marekani, aliponiambia kwamba jimbo lao la Minnesota hujiita nchi ya maziwa 10,000, na kwamba ukihesabu yenye hekta 4 na kuendelea unapata 11,842, mimi nilimwuliza tu wanatumia mitumbwi ya aina gani. Akacheka. "Februari hapandi mtu mtumbwi, shemeji. Tunapita juu na gari."

Akanipeleka kuvua samaki kupitia tundu la barafu kwenye ziwa Mille Lacs, kama kilomita 160 kaskazini ya jiji la Minneapolis. Ni ziwa pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, ila kina chake hakifiki hata mita 14. Siku hiyo ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, baridi ya kugandisha vinyweleo vya puani. Ukivuta pumzi unasikia vinashikana.

Barafu haiaminiwi kwa macho. Unatoboa, unapima, unasogea mbele, unatoboa tena. Barafu angavu ya sentimita 10 inamtosha mtu wa miguu. Gari dogo linataka 25, pikapu ya wastani 33. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu nusu tu, kwa hiyo vipimo vyote hivyo unavizidisha mara mbili. Sisi tulikuta 50, tukaacha gari ufukweni hata hivyo, maana shemeji alikuwa bado analilipia. Mizigo tukaiburuta kwa sleji ya plastiki.

Keekee ya barafu inatoboa tundu la sentimita 20. Ikitoka majini uikung'ute papo hapo, la sivyo makali yanagandiwa na barafu na tundu linalofuata litakataa kabisa. Vipande vinavyoelea unavichota kwa kijiko kikubwa chenye matundu, kama cha kuepulia maandazi. Nilikuwa nachota hivyo ziwa likanguruma chini yangu: duuum! Nikajikuta nimelala kifudifudi. Shemeji hata hakugeuka. Barafu hutanuka na kunywea joto linapobadilika, ndipo inapiga kelele, na kelele peke yake si dalili ya kuzama. Cha kuogopa ni mdomo wa mto, mkondo wa chini, na ufa uliokwisha kufunguka.

Ikaja zamu ya kusimamisha hema la kuvulia. Hema hizi hazina sakafu. Kila ukuta una kitovu katikati. Unavuta ugwe wake kwa nguvu na ukuta unatokeza nje kwa mlio, *paa!* Kabla ya kuvuta chochote, skrubu ya kwanza inakazwa kwenye barafu upande upepo unakotoka, kamba ya hema inafungwa hapo, ndipo unafungua ukuta wa upande huohuo na kukaza pembe zake. Mlango unaelekezwa kule upepo unakokwenda. Mwisho unazika pindo la chini kwa theluji. Shemeji haya yote anayajua. Siku hiyo alikuwa na haraka ya kunionyesha, skrubu zikabaki mfukoni mwake.

Alifungua kuta zote nne, akaweka ndani ndoo ya chambo na kiti, akarudi nyuma hatua mbili kulitazama. Upepo ukaingia kwa chini.

Hema likapinduka mara moja, likasimama, likaondoka. Theluji ilikuwa imefagiliwa na upepo, barafu iko wazi na inateleza. Mimi nilikuwa nimevaa njumu za meno ya chuma, nikakimbia vizuri tu. Shemeji alivaa buti tupu. Alikimbia hatua nne na hatua ya tano akaisafiri kwa makalio. Vidagaa vya chambo vilimwagika njiani, nyuma nikavikuta vimekakamaa kama misumari.

Safari iliishia kwenye kibanda cha mbao cha mvuvi mwingine. Mwenyewe akatoka na fulana ya mikono mifupi na ndala, maana ndani ana jiko la gesi na tundu la kupitisha hewa ameliacha wazi inavyotakiwa. Gesi ikiungua mahali palipozibwa inaua kimyakimya. Akalikanyaga pindo, akatusubiri. Hakusema neno la kuudhi. Alichukua drili yake, akakaza skrubu moja, akamtazama shemeji, akakaza ya pili polepole zaidi.

Akatupa na chambo. Kwenye saa kumi nikavuta samaki mnene aitwaye walleye, macho yanang'aa kama ya paka. Shemeji akatoa rula: urefu haukuruhusiwa. Baadhi ya maziwa yana vipimo vyake, na huyo anarudi majini mara moja, hakuna kubembeleza. Nikasema basi walau picha. Simu yangu, iliyokuwa na chaji zaidi ya nusu, ikazima mkononi. Baridi huinyima betri nguvu; simu inakaa mfuko wa ndani, karibu na mwili, si wa koti.

Video pekee ya siku ile ni aliyorekodi yule jirani kupitia dirishani, akamtumia shemeji, naye kwa bahati mbaya akaigusa ikaenda kwenye kundi la familia. Mama mkwe alijibu wa kwanza: "Baba Neema, huyo mnayemkimbiza ndiye samaki?"