Je, Riley wa Montserrat ni Mwairishi?

Ukishuka Montserrat, kisiwa kidogo cha Karibea kilicho chini ya Uingereza, ofisa wa uhamiaji atakugongea kwenye pasipoti mhuri wa kijani wenye umbo la shamroki, kile kimea cha majani matatu ambacho dunia nzima inakijua kuwa alama ya Ireland. Kwenye bendera ya kisiwa kuna mwanamke mweupe wa gauni la kijani, mkono mmoja umeshika msalaba na mwingine kinubi. Kinubi hicho nacho ni cha Ireland. Waulize wenyeji majina yao: Riley, Sweeney, Farrell, Daly. Wengi wao ni watu weusi, uzao wa watumwa waliosafirishwa kutoka Afrika. Na tarehe 17 Machi, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, mtakatifu mlinzi wa Ireland, kisiwa kizima hupumzika, jambo ambalo hata New York yenye gwaride kubwa la siku hiyo halifanyi.

Serikali ya Ireland husema duniani kuna watu kama milioni 70 wenye asili ya huko. Katiba yao nayo, katika ibara ya 2 iliyoandikwa upya baada ya mkataba wa amani wa Ireland Kaskazini wa 1998, inasema taifa linathamini uhusiano wake wa pekee na watu wa asili ya Ireland walio ughaibuni, wanaoshiriki utambulisho na urithi wa utamaduni wake. Nimejiuliza muda mrefu kama Riley wa Montserrat yumo katika hesabu hiyo.

Nianze na wanaosema hayumo, maana hoja yao ni nzito kuliko sisi Waafrika tunavyopenda kukubali.

Diaspora ya Ireland, kama inavyokumbukwa na wenyewe, imezaliwa na njaa. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia kwenye viazi. Mamilioni ya wakulima maskini, waliolima vipande vya ardhi ya makabaila, hawakuwa na chakula kingine, na viazi vikaoza shambani, tena miaka kadhaa mfululizo. Nafaka na mifugo iliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza huku watu wakifa kando ya barabara. Kufikia 1852 walikuwa wamekufa kama milioni moja, na zaidi ya milioni nyingine walikuwa wameihama nchi. Sensa ya 1841 ilihesabu watu zaidi ya milioni 8 katika kisiwa chote. Leo, zaidi ya miaka 180 baadaye, idadi hiyo bado haijafikiwa tena.

Ukipita kando ya mto Liffey mjini Dublin utawakuta watu wa shaba waliochongwa na Rowan Gillespie mwaka 1997. Wamekonda hadi mbavu zinahesabika, wameshika vifurushi vyao, wanaelekea bandarini. Mmoja amebeba mtoto mabegani kama mtu abebavyo kondoo, na mtoto amelegea. Nyuma yao anafuata mbwa.

Ng'ambo ya bahari, kwenye mto St. Lawrence nchini Kanada, kuna kisiwa cha Grosse Île kilichokuwa cha karantini. Mwaka 1847 pekee walizikwa hapo zaidi ya watu 5,000, wengi wao Waairishi walioshushwa wakiwa na tifasi, homa ya chawa iliyoenea melini. Mwaka 1909 ulisimamishwa msalaba mkubwa wa mawe wenye maandishi kwa lugha tatu. Kwa Kiingereza maneno ni ya upole, yanawakumbuka waliokufa. Kwa Kigaeli, lugha ya Waairishi wenyewe, jiwe hilohilo linasema watu hawa walikimbia sheria za watawala dhalimu wa kigeni na njaa ya kutengenezwa. Walioandika walijua nani atasoma upande upi.

Yatima wa Grosse Île walichukuliwa na familia za Quebec zinazosema Kifaransa, na wengi waliachiwa majina yao ya ukoo. Ndiyo maana hadi leo Quebec kuna watu wasiojua neno la Kiingereza nyumbani kwao lakini wana jina la Mwairishi. Jina lile waliachiwa kwa huruma, kwa sababu mtoto alikuwa hana kingine kilichobaki cha baba yake.

Kwa wanaoshikilia msimamo huu, Mwairishi wa ughaibuni ni mtu aliyebeba jeraha hilo. Riley wa Montserrat jina amelipata kwa njia nyingine kabisa.

Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakitarajii: wapo watu weusi wanaofika kwenye jibu hilohilo, ila kwa sababu yao. Wao wanasema kumwita mjukuu wa mtumwa Mwairishi kwa sababu ana jina la aliyemmiliki babu yake ni kumtukana mara ya pili. Shamroki kwenye pasipoti, kwao, ni biashara ya utalii iliyofunika pingu kwa rangi ya kijani. Waswahili tunasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini babu wa Riley hakuacha asili yake; alinyang'anywa, akapewa asili ya mtu mwingine aivae. Msomaji wa pwani yetu, ambako nako kuna koo zilizobeba majina ya mabwana, hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Historia ya Montserrat haimpi nafuu yeyote. Waairishi walifika huko katika miaka ya 1630. Wengi walikuwa vibarua wa mkataba, wengine walifukuzwa kwao kwa nguvu wakati wa vita vya Cromwell, jenerali wa Uingereza aliyeivamia Ireland. Waliteswa, walichapwa, walifia mashambani. Sensa ya 1678 inaonyesha kwamba karibu Wazungu 7 kati ya kila 10 kisiwani walikuwa Waairishi. Lakini mkataba ulikuwa na mwisho, na mtoto wa kibarua alizaliwa huru. Mtoto wa mtumwa alizaliwa mali ya mtu. Huko intaneti husambazwa picha na maandishi kuhusu “watumwa wa Kiairishi”, mara nyingi ili kumnyamazisha mtu mweusi anayedai haki yake, na wanahistoria wa Ireland wenyewe wamejitokeza kuyapinga. Nawapongeza. Ni rahisi kukaa kimya uongo unapokupendelea.

Wengine kati ya Waairishi hao, mkataba ulipokwisha, walipata ardhi, wakapanda miwa, wakanunua watu. Shamba la Galways, lenye jina la Mwairishi David Galway aliyelianzisha katika karne ya 17, lilikuwa mojawapo ya mashamba makubwa ya kisiwa. Watu waliofukuzwa kwao na makabaila wakawa makabaila.

Mwaka 1768 watumwa walipanga kuasi. Walichagua tarehe 17 Machi kwa hesabu nzuri: mabwana wangekuwa karamuni, wamelewa, wakimsherehekea mtakatifu wao. Siri ilivuja na watumwa 9 wakanyongwa. Mapokeo ya kisiwani yanasema kichwa cha mmoja wao, Cudjoe, kilitundikwa kwenye mti wa msufi, na mahali hapo panaitwa Cudjoe Head mpaka leo. Ndiyo sababu ya ile siku ya mapumziko. Mgeni anadhani Montserrat inamsherehekea Patrick, kumbe inawakumbuka pia waliotaka kuwa huru siku ya Patrick.

Sasa upande unaosema Riley yumo. Kwanza, si kila jina lilitoka kwa bwana. Maskini wa Kiairishi waliishi jirani na watumwa, na walizaa nao, mara kwa hiari na mara nyingi kwa kubakwa. Damu ipo, hata kama njia iliyoingilia ni chungu. Pili, katiba yenyewe imetaja utambulisho na urithi wa utamaduni. Mtu wa Montserrat aliyekulia kwenye sikukuu hiyo na alama hizo anaweza kuwa na cha kuonyesha zaidi ya mtu wa Chicago anayekumbuka Ireland saa chache kwa mwaka. Na kwa upande wa pasipoti wote wawili wako sawa: sheria inamtambua mwenye babu au bibi aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland, kisha mlango unafungwa, isipokuwa mzazi naye awe ameshasajiliwa kabla mtoto hajazaliwa.

Mfano ulio karibu nasi ni Barack Obama. Kogelo tunaijua. Moneygall, kijiji cha kaunti ya Offaly, wachache wanaijua, ingawa ndiko alikotoka Falmouth Kearney, mmoja wa mababu wa kale wa upande wa mama yake, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Mei 2011 Obama alikwenda huko akapokewa kama mwana wa kijiji, na mwaka 2014 kituo cha mapumziko cha barabara kuu kikafunguliwa kwa jina lake. Jina la Kiairishi hana, lake ni la Kijaluo. Moneygall haikujali. Nakubali kwamba kumkumbatia rais wa Marekani si kazi ngumu. Lakini mlango ukishafunguliwa kwa mtu mweusi mwenye damu kidogo na asiye na jina, utafungwaje kwa mwenye jina, damu na sikukuu?

Mimi nasimama upande wa kumhesabu, kwa sharti kwamba ahesabiwe na historia yake yote. Ireland haikosi watu wa kuwaonyesha njia. Daniel O'Connell, mwanasiasa mkuu wa Waairishi wa zama zake, aliupinga utumwa bila kupepesa macho, na Frederick Douglass, mtumwa wa Marekani aliyetoroka, alipokewa Dublin mwaka 1845 kama mwanadamu kamili. Waairishi 60,000 walitia sahihi waraka wa 1842 wa kuwasihi ndugu zao walioko Marekani waungane na wapinga utumwa. Ndugu hao wengi wao waliukataa. Julai 1863, katika ghasia za kupinga kuandikishwa jeshini mjini New York, Waairishi wengi walikuwa kwenye makundi yaliyoua watu weusi na kuchoma kituo cha watoto yatima weusi. Anayetaka kujivunia sahihi za 1842 abebe na moto wa 1863.

Kinachonisumbua zaidi ni Ireland ya leo. Mwaka 2004, kwa kura ya maoni, karibu wananchi 8 kati ya 10 waliokwenda kupiga kura waliridhia kuondoa haki ya uraia kwa kila anayezaliwa nchini. Tangu hapo, mtoto wa wazazi wageni ambao hawajatimiza muda wa ukaaji halali anazaliwa Dublin bila uraia, anasoma Kigaeli shuleni, anacheza mpira wao wa jadi, na lazima auombe uraia baadaye. Mjukuu aliye Buenos Aires anaupata kwa kuonyesha cheti cha kuzaliwa cha bibi yake. Naelewa kwamba dola lazima iweke mpaka mahali fulani, na cheti ni kitu kinachothibitika kuliko mapenzi. Hata hivyo, taifa lililoishi kwa kupokewa na nchi za wengine limechagua kuamini karatasi ya bibi kuliko mtoto aliye mbele yake, na sioni namna ya kulitetea hilo kwa historia ya njaa.

Katika mji wa Midleton, kaunti ya Cork, kuna manyoya 9 ya tai yaliyotengenezwa kwa chuma, yenye urefu wa kama mita 6, yamesimama kwa duara kama bakuli. Ni shukrani kwa Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani ambao mwaka 1847, wakiwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka ardhi yao miaka kama 15 tu kabla, walichanga dola 170 kwa ajili ya watu wenye njaa wasiowajua. Mwaka 2020 Waairishi wengi waliwachangia Wanavajo na Wahopi, wenyeji wengine wa asili wa Marekani, wakati wa korona, wakitaja deni hilo. Hapakuwa na damu wala jina kati yao, na deni lilikumbukwa. Kwa hiyo sitaki kusikia kwamba Montserrat iko mbali au kwamba ni zamani mno. Ningependa kuona vitu 9 vingine vikisimama kwenye ardhi ya Ireland, kwa ajili ya wale 9 wa mwaka 1768, na watu wa Montserrat wakialikwa siku ya kuvizindua.