Kiuno cha Mkulima wa Mwani: Zana Kwanza au Bei Kwanza?

Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kukupwa kupita kawaida, yakishakupwa, mnamo saa 4 asubuhi, pwani ya Paje, Zanzibar, hujaa migongo. Ukisimama mbali huoni nyuso, unaona khanga zilizofungwa kiunoni na watu walioinama juu ya kamba za mwani. Ndivyo ilivyo tangu 1989, kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Paje na Jambiani kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Leo wakulima wa Unguja na Pemba wanahesabiwa zaidi ya 20,000, wengi mno wakiwa wanawake, na zao lenyewe linatajwa baada ya utalii na karafuu kwa kuleta fedha za kigeni.

Kwamba kazi hii inaumiza, hakuna anayebisha. Sara Fröcklin na watafiti wenzake, Flower Msuya akiwa mmoja wao, walichapisha 2012 utafiti uliowahoji wanawake wanaolima mwani. Waliyoyataja ni uchovu, maumivu ya viungo, matatizo ya macho na kifua, na majeraha ya wanyama wa baharini. Kinachobishaniwa ni dawa. Kuna wanaosema iletwe ergonomia, yaani kazi ipindwe ifuate mwili badala ya mwili kupindwa ufuate kazi: vichanja, magari ya kubebea, boti, mabuti. Na kuna wanaosema hayo ni mapambo. Kiuno kinauma kwa sababu bei ni ndogo, mama analazimika kufunga kamba nyingi ndipo apate kitu, basi pandisheni bei, kiuno kitapumzika chenyewe.

Mimi naegemea zana, ila si zana zote, na hoja ya bei siwezi kuitupa.

Tuanze na uzito, maana hapo ndipo maneno mengi hupita juu juu. Mwani mbichi karibu wote ni maji. Kilo 1 ya mwani mkavu hutaka kilo 7 au 8 za mbichi. Polo la kilo 50 linalowekwa kwenye mizani ya mnunuzi lilitoka baharini likiwa kilo 350 hadi 400, na zote hizo zilipanda ufukwe kwa kichwa, kwa bega au kwa kuburutwa. Taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, katika kanuni yake ya 1991 iliweka kilo 23 kuwa ukomo wa kunyanyua, tena pale kila kitu kikiwa sawa: mzigo uko karibu na mwili, una pa kushikia, mnyanyuaji hajipindi, wala hanyanyui mara kwa mara. Kwa kilo 23, polo moja kavu ni mizigo 16 hadi 18. Sasa chukua gunia linalochuruzika maji, halina mshikio, na mguu unazama mchangani. Hakuna sharti hata moja hapo lililotimia.

Kwa hiyo kinachovunja kiuno pwani, zaidi ya mwani, ni maji yanayobebwa kupelekwa kukaushwa. Mradi wowote usiogusa kipande hicho cha njia, baina ya kamba na mahali pa kuanika, umeanzia mahali pasipo pake.

Kuinama ni shida ya namna nyingine, na hapa bahari haina huruma. Kamba inayotandazwa baina ya vijiti haiwezi kuinuliwa ifike kiunoni. Ikiinuliwa, maji yakikupwa mwani utabaki wazi na jua litauunguza. Kimo cha kamba kimeamuliwa na mmea. Kinachowezekana ni kuihamisha kazi ya kufunga mbegu: kamba zije nchi kavu, chini ya kivuli, zifungwe huko, zirudi baharini zikiwa tayari. Wengi wanafanya hivyo, lakini wamekaa chini, miguu wameinyoosha, mgongo hauna pa kuegemea, saa nzima na zaidi. Mara nyingine najiuliza: wazee wetu waliona kukuna nazi ni kazi inayostahili kiti chake, wakatuachia mbuzi. Mwani una zaidi ya miaka 30 na bado haujapata kibao chake.

Sasa upande wa pili, na usichukuliwe kirahisi.

Mkulima wa mwani halipwi kwa siku, analipwa kwa kilo. Ukimpunguzia uchungu wa kamba 30, na bei haijatosha kununua unga na daftari za watoto, atafunga 50. Zana iliyookoa mgongo asubuhi inautumia mgongo ule ule mchana. Hili si la pwani peke yake, kila kazi ya kulipwa kwa kipande ina mtego huu. Na ushahidi wa kitaalamu hauwapi watu wa zana raha wanayoitaka. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa 2011 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za afya, yaliangalia mafunzo ya namna ya kunyanyua mizigo, yakiwa pamoja na vifaa vya kusaidia au bila vifaa, na hayakuona uthibitisho kwamba yanazuia maumivu ya mgongo. Basi ile semina ya kuwaambia akina mama wakunje magoti wasipinde mgongo, halafu wapige picha na kupewa soda, tunaweza kuiondoa kwenye ratiba. Kunja magoti ndani ya maji, juu ya matope, na gunia la mwani mkononi, uone.

Lakini tafiti zile zilikuwa za watu wenye mwajiri, sehemu kubwa wakiwa wauguzi na wabeba mizigo, ambao mara nyingi mzigo wao ulibaki ule ule na waliofundishwa ni wao. Somo ninalolitoa ni kwamba kumfundisha mbebaji hakutoshi, uguswe mzigo wenyewe. Hilo haliipingi ergonomia. Ndiyo ergonomia yenyewe ikisomwa vizuri.

Ndiyo maana vichanja vya kuanikia vinanivutia kuliko boti. Mwani ulioanikwa chini unageuzwa kwa kuinama, unashika mchanga, na mvua ikija unakusanywa kwa kukimbia. Juu ya kichanja kinachofika kiunoni upepo unapita chini na juu, mchanga haushiki, na anayegeuza amesimama wima. Hapo kiuno na bei vinakaa meza moja. Lakini kuna gharama: kichanja kinakula miti, na miti ya pwani mara nyingi ni mikoko, ambayo tayari inakatwa. Tena pale mnunuzi anapolipa bei moja kwa mwani msafi na wenye mchanga, sababu ya mama kujenga kichanja inabaki ni kiuno chake tu, na kiuno hakina risiti.

Boti ni hadithi ndefu kidogo. Cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko spinosum, aina nyingine inayolimwa, imekuwa ikifa kwenye maji ya kina kifupi kwa sababu ya joto na maradhi. Kwenye maji ya kina inastahimili, na Msuya alishiriki kujaribu nyavu za mrija ambazo mbegu hutiwa ndani badala ya kufungwa moja moja. Kwa karatasi ni jawabu la yote mawili: kufunga kunapungua na bei inapanda. Ila mrija uliojaa mwani ni mzito kuuvuta hadi ndani ya chombo. Mgongo uliokuwa unainama sasa unavuta, mikono na mabega vinapokea deni la kiuno. Wanawake wengi hawajui kuogelea. Na chombo kikishakuwepo, huja na nahodha, na nahodha mara nyingi ni mwanamume. Sisemi boti zisiletwe. Nasema anayezileta kwa jina la kupunguza maumivu aeleze nani atavuta, na nani atashika funguo ya mashine.

Kuna njia ya tatu ambayo watu wa bei wanaipenda, nami naipenda pia: kubeba kidogo, kuuza kwa ghali. Akina mama wa Kidoti, kaskazini mwa Unguja, walijifunza kusaga mwani na kutengeneza sabuni, na kilo moja ikawa na thamani ambayo gunia la mwani mkavu haliijui. Lakini soko la sabuni haliwezi kumeza mwani wa wakulima 20,000, hasa wa Pemba, kunakotoka sehemu kubwa ya mavuno. Wa Micheweni, huko Pemba, ataendelea kubeba gunia.

Sheria tusiitegemee sana. Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2005, lakini sheria za namna hiyo humtafuta mwajiri kwanza. Pwani mwajiri ni nani? Kampuni inayonunua itasema yeye ni mnunuzi tu.

Turudi kwenye kile kipande cha njia. Toroli la gurudumu jembamba huzama mchangani, kila aliyelijaribu anajua. Gari la ng'ombe hupita, na mkokoteni wa matairi mapana hupita. Miradi hupenda kutoa kimoja kwa kikundi, kitunzwe kwa zamu. Kwa cherehani zamu inawezekana. Kwa mwani haiwezekani, kwa sababu bamvua ni ya wote: siku zile chache kila mtu yuko majini, na maji yakianza kujaa kila mtu anataka kutoa mzigo wake ndani ya saa ile ile. Mwenye zamu atapakia, wengine watajitwika kama kawaida, na ripoti itaandika kwamba kikundi cha watu 40 kimepatiwa usafiri. Atakayekuja kukagua asiulize magari mangapi yamegawiwa. Aje siku ya bamvua, maji yakianza kurudi, ahesabu vichwa vyenye magunia.