Mji wa Kale Hauingiwi kwa Upanga

Mpwa wangu, kijana wa kidato cha pili tunayeishi naye hapa Ngamiani, mjini Tanga, alinijia usiku mmoja baada ya tarawehe akiwa ameishika simu kwa mikono miwili na machozi yakimlengalenga. "Mjomba," aliniambia, "vitu vyangu vyote vimekwenda." Alikuwa ameshuka katika sehemu ya chini kabisa ya dunia yake ya Minecraft, gemu la kuchimba na kujenga, akiwa amevaa deraya ya almasi kuanzia kichwani hadi miguuni, deraya ambayo aliyachimba madini yake kwa majuma kadhaa, na huko chini alikutana na jitu la kutisha liitwalo Warden. Mapigo machache yalimtosha. Alipopewa uhai mwingine alirudi mbio kuvitafuta vitu vyake, lakini vitu vilivyodondoka hudumu dakika 5 tu mchezaji akiwa karibu navyo, na dakika hizo zilimwishia akiwa bado anazunguka gizani.

Nilimpa pole, kwa sababu kazi ya majuma kadhaa ikipotea ni msiba wa aina yake, hata kama kazi yenyewe ilifanyika kwenye kioo cha simu. Hata hivyo sikukubaliana naye aliposema kwamba gemu limemwonea. Nimelicheza gemu hili kwa miaka mingi, tangu kabla ya eneo hilo la hatari kuongezwa, na nimeshuka Mji wa Kale, magofu anakoweza kutokea Warden, mara nyingi kiasi cha kuwa na msimamo juu yake. Mahali pale pametengenezwa ili mtu aingie kwa adabu. Anayeingia akidhamiria kupigana amekwisha kukosea kabla hajakanyaga ngazi ya kwanza, na wachezaji wanaowafundisha wadogo zao kwamba ushujaa ni kumuua Warden wanawanyima sehemu nzuri kuliko zote katika gemu zima.

Kwa wale ambao hawajafika, nieleze kidogo. Eneo lenyewe watengenezaji wamelipa jina la Deep Dark, nami nitaliita Giza Kuu. Liliingia katika gemu tarehe 7 Juni 2022, miezi michache baada ya dunia ya Minecraft kurefushwa kwenda chini hadi kufikia bloku 64, yaani vipande vya mchemraba vinavyoijenga dunia hiyo, chini ya alama ya sifuri. Giza Kuu hupatikana zaidi chini ya milima, na ndani yake, kwa bahati, mtu anaweza kuukuta Mji wa Kale, magofu makubwa ya mawe meusi ambayo sakafu yake iko kwenye kina cha bloku 51 chini ya sifuri. Huko hakuna mizuka wala mifupa inayotembea kama katika mapango mengine, kwani hakuna kiumbe kinachozaliwa gizani humo isipokuwa mmoja. Ukimya huo ndio unaowadanganya wageni. Mtu aliyezoea kusikia milio ya hatari kila kona hudhani amefika mahali pa salama, akaanza kukimbia.

Juu ya mawe hayo umeota utando wa rangi ya bluu iliyokoza, na juu ya utando kumekaa vitu viwili ambavyo lazima mtu avielewe. Cha kwanza ni kitambuzi, ambacho husikia mtikisiko wowote ndani ya umbali wa bloku 8: hatua za miguu, kasha linalofunguliwa, jiwe linalovunjwa, mshale unaogonga ukuta, hata mtu anayekula. Cha pili ni kipiga yowe. Kitambuzi kikisikia, humpasha habari kipiga yowe aliye jirani, naye hulia, na macho yako hufunikwa na giza linalopanuka na kusinyaa. Yowe la kwanza ni onyo, la pili ni onyo, la tatu ni onyo. La nne likilia, ardhi inapasuka na Warden anatoka.

Watu wengi hulipita jambo hili haraka, na mimi naliona ndilo moyo wa mahali pale. Mchezaji hupewa maonyo matatu kamili kabla ya adhabu, na hata maonyo hayo hayamwandami milele, kwa maana akikaa dakika 10 bila kuamsha kipiga yowe kingine, onyo moja linafutika. Katika gemu lote sijui mahali pengine ambapo hatari inamvumilia mtu kiasi hicho. Nilipomuuliza mpwa wangu alisikia mayowe mangapi kabla ya Warden kutokea, alinyamaza kidogo, kisha akajibu kwamba hakuwa akiyahesabu kwa kuwa alikuwa anasikiliza muziki.

Warden mwenyewe ni kipofu. Hana macho, hutegemea mtikisiko na harufu, na kadiri anavyokasirika ndivyo mapigo ya moyo wake yanavyosikika kwa kasi zaidi. Ana alama 500 za uhai, ilhali mchezaji ana 20. Katika kiwango cha kawaida cha ugumu, pigo lake moja lina uzito wa 30, na hata aliyevaa deraya nzuri isiyo na nguvu za ziada hawezi kuyahimili mengi. Ukipanda juu ya nguzo ili asikufikie, atakurushia mngurumo kutoka kifuani, na mngurumo huo hupita katika kuta, katika ngao na katika deraya kana kwamba havipo. Yote haya ameyavumilia mtu anayemuua, halafu anachodondosha ni bloku moja tu inayoitwa katalisti, ambayo ingeweza kupatikana kwa kuichimba hapo hapo mjini bila kumwaga jasho la vita.

Nimesikia malalamiko mengi kuhusu jambo hili, na hata katika kibanda cha gemu kilichoko mtaani kwetu vijana hulirudia: kwa nini adui mwenye nguvu kuliko wote asiwe na hazina inayolingana na nguvu zake? Mimi naona waliomtengeneza walifikiri vizuri sana. Hazina kubwa ingemgeuza kuwa mnyama wa kuwindwa, na baada ya mwezi mmoja watu wangekuwa wamejenga mitego ya kumwangamiza kama wanavyowafanyia viumbe wengine wote. Kwa kumnyima hazina, wamelifanya swali la kumuua lisiwe na maana, na mchezaji amebaki na swali lenye uzito zaidi, yaani namna ya kupita karibu naye bila kumsumbua. Hazina zipo, tena nyingi, lakini zimewekwa ndani ya makasha ya mji. Huko ndiko kunakopatikana vigae vya mwangwi, ambavyo vinane vikiunganishwa na dira hutengeneza dira inayoonyesha mahali ulipofia mara ya mwisho. Huko tu ndiko kinakopatikana kitabu cha kumwezesha mtu kunyata kwa haraka. Zawadi za mahali pa ukimya ni vifaa vya ukimya na vya kurudia ulichopoteza, na mpangilio huo naupenda sana.

Kuna jambo lingine ambalo sikulitambua hadi safari yangu ya nne au ya tano. Sufu haina kelele. Mtu akitembea juu ya sufu au juu ya zulia, kitambuzi hakimsikii, na sufu ikikaa kati ya mtikisiko na kitambuzi, huuzuia mtikisiko usipite. Nami nilikuwa nimekwisha kujifunza kubeba mazulia kutoka juu, nikijiona nimegundua mbinu, mpaka siku niliposimama katika ukumbi mmoja wa Mji wa Kale nikaona kwamba sakafu yake ina sufu ya kijivu na ya samawati iliyowekwa tangu mwanzo. Waliokaa mji ule, watu ambao gemu halisemi walikuwa nani wala walikwenda wapi, walikuwa wanaijua siri hiyo hiyo na waliishi kwa kuizingatia. Walitandika nyumba zao ili wasimwamshe aliye chini. Sikuandikiwa neno hata moja na hakuna mhusika aliyenieleza. Niliisoma habari yao katika sakafu. Tangu siku ile nimeacha kuyavunja mazulia yao, ingawa ningeweza kuyatumia.

Huenda naliona hivyo kwa sababu ya hapa nilipokulia. Kilomita zipatazo 8 kaskazini mwa mji wetu, ukiifuata barabara ya Horohoro, yapo Mapango ya Amboni, mapango ya mawe ya chokaa ambayo mtoto wa Tanga huyasikia katika hadithi kabla hajayaona kwa macho. Tulipelekwa huko tukiwa shule ya msingi. Mwongozaji alitupanga mstari mmoja, akatukataza kupiga kelele, na tulipofika ndani alituomba tuzime tochi zote kwa muda. Sijawahi tena kuona giza kama lile. Mtu aliuinua mkono wake mbele ya uso na hakuuona, na juu yetu tulisikia popo wakijigeuzageuza. Baadaye alituonyesha mahali pa mzimu, ambapo watu huacha ubani na marashi, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekigusa kitu cha mtu.

Wazee walikuwa wakisimulia kwamba mapango yale yanatokea Mombasa, na wengine walisema yanafika Kilimanjaro. Wataalamu wa Kijerumani na Kituruki waliyapima mwaka 1994 na wakakuta kwamba lililo refu kuliko yote lina mita 900 tu. Kipimo hicho nakikubali, lakini hakijanipunguzia chochote, kwa kuwa woga nilioupata ndani ya Amboni haukutokana na urefu. Ulitokana na kujua kwamba nimeingia mahali ambapo pana wenyewe, na kwamba mimi ni mgeni ninayepaswa kupiga hodi. Sijakutana na mchezo mwingine wa kompyuta uliowahi kunirudishia hisia hiyo. Michezo mingi humfundisha mtu kwamba kila pango ni ghala lake, kila mlango ni wa kuvunjwa, na kila kinachotembea ni cha kupigwa.

Wapo wanaosema kwamba njia bora ni kuliweka gemu katika hali ya amani, ambapo Warden hatokei kabisa, kisha mtu akayakusanya makasha yote kwa raha zake. Kwa mtoto mdogo anayeogopa usiku, sina ubishi nao. Kwa mtu mzima au kijana mwenye uwezo, naona ni sawa na kuingia Amboni mchana wa jua kali baada ya paa lake kubomolewa.

Majuma mawili baada ya hasara yake, mpwa wangu aliniomba tushuke pamoja, kila mmoja na simu yake. Nilimpa masharti matatu: asivae kitu asichoweza kukipoteza, avae visikizi masikioni bila muziki, na asibebe upanga. Sharti la mwisho lilimuuma, lakini alilikubali. Tulibeba mazulia, madonge machache ya theluji ya kurusha mbali endapo tungehitaji kumvuta mtu masikio upande mwingine, na mkate. Tulipokaribia utando wa bluu nilimwambia, "Kuanzia hapa tunanyata," naye akanyata. Hatua za mwenye kunyata hazisikiki na vitambuzi, ila ni za polepole mno, na tulitumia karibu saa nzima kuuvuka uwanja ambao yeye mara ya kwanza aliuvuka kwa sekunde chache.

Yowe lilitulilia mara moja, nilipofungua kasha bila kuangalia nyuma ya nguzo. Giza lilitufunika, nasi tukasimama kama tulivyokuwa. Kijana hakunicheka wala hakunilaumu. Alianza kuhesabu dakika kwa sauti ya chini, pale sebuleni, ingawa sauti yake haikuweza kufika ndani ya gemu. Tulikaa hivyo dakika 10 nzima, mpaka onyo lilipofutika. Katika muda huo aliyaona mazulia ya wenye mji, akaniuliza ni nani aliyeyatandika, na nikamweleza nilichokieleza hapo juu.

Tulipata vigae vitano vya mwangwi na kitabu kimoja cha kunyata. Wakati wa kutoka tulipita karibu na kasha lililokuwa limebaki, na kando yake palikuwa na vipiga yowe viwili vilivyokaribiana. Tulikuwa na mazulia ya kutosha kujaribu. Nilimwangalia kumwachia uamuzi, nami nilikwisha kuandaa zulia la kwanza mkononi.

"Hilo tuliache, Mjomba," alisema, akageukia njia ya ngazi.