Si Mashangazi, Ni Hamsini na Tano

Wadau, kwa kuwa yule rafiki yangu ameshasambaza video ya msafara wa harusi hadi kwa mama yangu Moshi, tena na maelezo yake kwamba "Mark X ya jamaa imelala tutani kwa uzito wa mashangazi", naomba na mimi nisikilizwe. Mashangazi wenyewe wameshaiona. Mmoja amenipigia simu. Maneno aliyoniambia siwezi kuyaandika hapa, kuna watoto.

Gari langu mnalijua. Ile Toyota Mark X nyeupe niliyoikata springi hadi paka wa mtaani wakaacha kulala chini yake. Kilichobaki ilikuwa rimu tu. Zile za inchi 16 zilikuwa zinanipa unyonge kila nikipaki, nikapata za 18 kutoka Japani, mtumba lakini zinang'aa. Hela yote ikaishia kwenye rimu. Tairi ikabidi nitafute za mtumba pia, na muuzaji mmoja (jina namsitiri, ana familia) akanitolea nne ambazo hazijawa kipara. Ubavuni zimeandikwa 225/55R18. Nikamuuliza, zitakaa kweli? Akanitazama kwa huruma.

"Bosi, kumi na nane ni kumi na nane."

Sasa hapo utabisha nini? Nikalijaribu mtaani nikiwa peke yangu, barabara imenyooka, gari halina hata mkoba. Safi kabisa. Nikajitangaza kwenye kamati ya harusi kwamba nina usafiri.

Jumamosi, msafara unatoka kanisani kwenda ukumbini Sinza. Mimi nimepangiwa mashangazi watatu wa bibi harusi, wamekaa nyuma na vilemba vyao vya sare. Mbele kakaa rafiki yangu, mjumbe wa kamati ya usafiri, simu mkononi, anarekodi tangu kanisani. Mbele yetu pikapu ya matarumbeta. Raha mustarehe.

Tukafika pale pa kuiacha Shekilango na kuingia mtaa wa ukumbi. Kona kali, na tuta limekaa pale pale konani. Aliyeliweka hapo Mungu anamwona.

Nikakata usukani kushoto. Krrrrr.

"Baba, kuna kitu kinakwaruza?" shangazi wa kati.

"Kokoto tu, shangazi."

Tairi za mbele zikapanda, zikashuka. Nikavuta pumzi. Za nyuma zikapanda. Zikashuka. Madigadi nazo zikashuka, na hazikusimama mpaka zilipokaa juu ya tairi, zikatulia. Nikakanyaga mafuta. Gari likatoa sauti ya mbuzi anayeburuzwa machinjioni, kisha moshi mwembamba wa mpira ukaingia dirishani.

"Jamani," akauliza shangazi wa dirishani, "kuna mtu anaunguza nywele?"

Nyuma msafara mzima unapiga honi. Matarumbeta walipoona hatuonekani wakarudi kinyumenyume, na badala ya kuuliza kulikoni, wakaongeza kasi ya wimbo. Watu wakatoka saluni. Mama mmoja akaja mbio akatandika kanga mbele ya boneti, akidhani bibi harusi yumo humu. Anapiga vigelegele, mimi nimeshika usukani kwa mikono miwili na gari limezima.

Ndipo nikatamka sentensi iliyoniua.

"Mashangazi, samahani, naomba mshuke kidogo tu, tuvuke tuta."

Kimya. Mkubwa wao akainamisha kilemba ili tuonane vizuri kwenye kioo. "Yaani sisi ndio tumelikalisha?"

Akashuka wa kwanza. Gari likainuka. Si kwa kificho, lilipanda mbele ya macho ya watu, na umati ukasema "Oyoooo!" Akashuka wa pili, likapanda tena, "Oyoooo!" Yule mkubwa alipoweka mguu wa kwanza chini, watu wakanyamaza wakisubiri. Akauweka wa pili. Nadhani kelele zile zilisikika Mwenge. Hicho kipande ndicho mnachokirudiarudia huko, nawaona.

Aliyeniokoa ni mpiga tarumbeta, ule mdude mkubwa wa besi. Kumbe siku za kazi anaziba pancha. Akauweka kwapani, akachuchumaa, akaufuta ubavu wa tairi kwa kidole gumba.

"Kaka, hizi 55 ni za Subaru Forester. Gari hii ilitoka na 215/60 ya 16. Kwa rimu ya 18 ungefunga 225/45."

Na mbele ya mashangazi akaeleza. Hiyo namba ya katikati ni kimo cha ubavu, asilimia ya upana. Kwa 225, ukiweka 45 unapata ubavu wa milimita 101, ukiweka 55 unakaribia 124. Nimepiga hesabu mwenyewe usiku: tairi ya kiwandani ina kipenyo cha milimita 664, ile 45 ingenipa 660, hizi zangu 705. Sentimita nne nzima, na mbili zake zimekwenda juu, kule kule nilikokwisha kata springi. Tena spidimita ikisoma 80, mimi niko kama 85.

"Hapa ukipakia hata watoto wa komunyo linasugua," akamalizia fundi. Hilo rafiki yangu hakulirekodi.

Mashangazi wakachukua bajaji, wakafika kabla yangu. MC alishaambiwa, nikakaribishwa kwa wimbo. Jumatatu nikakopa, nikafunga 225/45, fundi akakunja midomo ya madigadi za nyuma kwa nyundo, rangi ikabanduka, basi.

Shangazi mkubwa, nimeandika kama ulivyoagiza: ni tairi. Na wewe unayeniuliza inboksi zile 55 nimezipeleka wapi, zipo nyumbani, nauza zote nne. Namba ziko ubavuni, njoo usome mwenyewe.