Kebo si bamba lililokunjwa

Wiki iliyopita kijana mmoja, mhandisi aliyeanza kazi juzi tu, alisimama kikaoni kueleza kwa nini kani ya kukokota kebo ndefu baharini ilimtokea kubwa kuliko ya kwenye jedwali la msuguano wa maji juu ya bamba bapa. Mkubwa wake akamkatiza: "Kebo ni bamba lililokunjwa. Tumia jedwali." Kijana akakaa. Hasira haijanitoka mpaka leo, maana kijana alikuwa sahihi.

Kebo zenyewe tunazijua. Meli zilizotafuta gesi nje ya Lindi na Mtwara zilikokota za namna hiyo, kilomita kadhaa nyuma yake, nene kama kifundo cha mkono, zimejaa vinasa sauti. Maji yanayoambaa nazo hujenga tabaka la msukosuko, yaani maji yanayovurugika kwa mizunguko, linalonenepa kadiri unavyoelekea mkiani, mpaka linaipita kebo yenyewe kwa unene mara nyingi. Hapo bamba halifai tena. Juu ya bamba, upana wa maji ni uleule hata ukienda juu kiasi gani. Kuzunguka kebo, kila ukitoka nje duara linakua. Maji mengi ya nje, yenye kasi, yanalisha ngozi nyembamba ya katikati, na mkazo unajikusanya pale usoni. Ndiyo maana kila sentimita ya mraba ya kebo inasuguliwa zaidi. Tena ile mizunguko mikubwa ya maji haizuiwi na ukuta kama kwenye bamba. Hupita toka upande huu hadi ule, kebo ikiwa katikati.

Mtafiti Willmarth na wenzake walichapisha vipimo vyao vya tabaka la namna hii mwaka 1976. Mwaka 1994 watafiti Neves, Moin na Moser waliukokotoa msukosuko huo kwa kompyuta: mkunjo ulipozidi, yaani kitu kilipokuwa chembamba zaidi kulinganisha na tabaka, msuguano ulipanda. Miaka yote hiyo, na bado tunawanyamazisha vijana!

Haya, kwenye ubavu wa meli, ambako tabaka ni jembamba mno kulinganisha na nusukipenyo, jedwali linatosha. Hapo sibishani.

Babu yangu, Bagamoyo, aliburuza mshipi nyuma ya ngalawa. Akiurefusha, uzito ulimkaa kidoleni kabla samaki hajagusa chambo. Uzi mwembamba vile!

Na kelele je? Msukosuko huohuo hupiga ngozi ya kebo, na mapigo hayo ya shinikizo huingia katika vinasa sauti.

Mdogo wangu, kama unasoma hapa, usiifute ile hesabu. Niletee, tuipitie mstari kwa mstari.