Mkutubi Mpya, Anza na Ustadhi wa Mtaani

Kwa zaidi ya mwaka mzima, kwenye kona ya maktaba yangu ya kwanza kulikaa sanduku la vitabu ambalo sikuligusa. Nilikuwa nalikwepa kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Lililetwa na mzazi mmoja baada ya baba yake kufariki: vitabu vya dini, vingi vya Kiarabu, karatasi zimeshakuwa za manjano, majalada mengine yamekatika. Kiarabu changu mimi kinaishia kwenye sala. Basi nikachukua maka peni, nikaandika juu ya sanduku "297", nikaendelea na mengine.

Kwa wasio wa kazi hii: 297 ni namba ya Uislamu katika mpango wa Dewey, yaani mpango wa kupanga vitabu kwa namba za mada, uliotoka mara ya kwanza mwaka 1876 na ambao maktaba zetu nyingi bado zinautumia. Fungu zima la 200 ni la dini. Humo Ukristo umejitandaza kuanzia 220 hadi 280 na ushee, Uislamu umebanwa kwenye namba moja na desimali zake. Hapa Bagamoyo mtoto akiomba kitabu cha dini, mara nyingi anataka sira (maisha ya Mtume) au fiqhi (sheria za dini), kwa hiyo hiyo namba moja inabebeshwa rafu nzima. Hili la Dewey nitalirudia siku nyingine, maana lina hasira zake.

Stashahada yangu niliipata hapa hapa, kwenye chuo cha ukutubi cha SLADS, kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa hiyo mimi si mgeni aliyeletwa Bagamoyo na barua ya ajira. Mji huu ndio uliozaa taaluma yangu, kama ulivyozaa ya wengi walio Sumbawanga, Lindi na Bukoba. Darasani tulikuwa tumejaa, tunagombea meza, tunaazimana madaftari, tukibishana usiku kucha kama kitabu cha historia ya uvuvi kinakwenda kwenye historia au kwenye uvuvi. Tukahitimu. Kila mmoja akaenda kufungiwa kwenye chumba chake.

Hapo ndipo ninapoona ugonjwa mkubwa wa kazi yetu ulipo, na ni upweke. Mwalimu ana wenzake ofisini, akikwama kwenye mada anageuza kiti tu. Nesi ana wodi. Mkutubi wa shule yuko peke yake, na wanaomzunguka hawajui anafanya nini. Mahali nilipoanzia kazi nilikabidhiwa maktaba, pamoja na majembe, mafagio na mipira ya michezo, kwa sababu "wewe si ndiye unatunza vitu?" Siku za mitihani nilifunga maktaba nikasimamie chumba. Sikuwa na mtu wa kumuuliza hata swali dogo, na baada ya muda nikaacha kuwa na maswali. Hilo la pili ndilo lililonitisha.

Sanduku lilifunguliwa na ustadhi. Anafundisha madrasa mtaa wa pili kutoka shuleni, na siku hiyo alikuja kufuatilia habari za mwanawe. Akaliona, akasoma ile 297, akaniuliza hesabu gani hiyo. Nikamweleza kwa aibu. Akacheka, akasema atarudi baada ya alasiri. Akarudi kweli, akakaa sakafuni, akavua kofia, na hadi magharibi inaadhiniwa alikuwa ameshavigawa vile vitabu mafungu manne: tafsiri ya Kurani, fiqhi, sira, na fungu la nne ambalo lilinifanya nishike kichwa. Lilikuwa nahau. Vitabu vya sarufi ya Kiarabu, vya kufundishia lugha, havihusiani na 297 hata kidogo. Mahali pake ni 492.7, pamoja na lugha nyingine. Mwaka mzima niliita dini kitu ambacho ni somo la lugha, kwa sababu tu herufi zake sizijui.

"Sasa hiki cha nahau," akasema, "hata Mkristo anaweza kuazima." Ndiyo maana yake hasa, ustadhi.

Kesho yake nikapata ujasiri wa kumpigia mzee mmoja mkutubi mstaafu, aliyeanza kazi enzi za kadi za katalogi zilizopigwa taipu. Nilikuwa na namba yake tangu chuoni, sikuwahi kuitumia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekwama wapi?"

Hakuuliza mimi nani. Aliuliza nimekwama wapi. Tukayapitia yote kwa simu: Kurani yenyewe 297.122, sira ya Mtume 297.63, na tahadhari kwamba nisirefushe desimali mpaka lebo ishindwe kukaa kwenye mgongo wa kitabu. Mambo haya yote yapo kwenye majedwali ya Dewey, ningeweza kuyasoma mwenyewe. Lakini majedwali hayakuambii kwamba mtoto wa kidato cha pili akikuta namba yenye tarakimu nane anarudisha kitabu popote.

Nasimulia haya kwa sababu kila anapohitimu kundi jipya tunawaambia jambo lile lile: mjiendeleze, mtengeneze mtandao. Halafu tunawatajia makongamano. Makongamano siyapingi. Chama cha Wakutubi Tanzania, TLA, kipo na kinakutanisha watu. SCECSAL, mkutano wa vyama vya wakutubi wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1974, na hilo tungepaswa kulitamba zaidi kuliko tunavyofanya. Ila tuambizane ukweli. Piga hesabu ya ada ya kushiriki, nauli, malazi na posho ambayo mwajiri hatoi, kisha muulize mkutubi msaidizi mwenye miezi sita kazini kama ataiweza. Na mwaliko ukija ofisini, anayekwenda ni mkubwa. Anarudi na begi la kitambaa na kalamu, ripoti hatuioni.

Wasioweza kwenda huangukia kwenye vyeti. Siku hizi kuna mafunzo ya mtandaoni kila wiki, na nawajua vijana wenye vyeti ishirini vya semina za saa moja moja ambao hawajawahi kukanyaga maktaba nyingine zaidi ya wanayofanyia kazi. Cheti kinasaidia kwenye maombi ya kazi, sikatai, mimi mwenyewe ninavyo. Lakini semina ambayo kamera yako umeizima na unapika ugali huku inaendelea, ikiisha umejuana na nani?

Nilijifunza thamani ya kujuana kwa hasara. Tulipopata kompyuta niliamua kuweka Koha, programu ya bure ya kuendeshea maktaba iliyotengenezwa New Zealand. Jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi. Inakaa juu ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na Linux nilikuwa nimeisikia tu. Rafiki niliyesoma naye, ambaye sasa yuko maktaba ya chuo kikuu kimoja, alinielekeza kwa simu, usiku, tukivizia bando la bei nafuu. Yeye anasoma amri herufi kwa herufi, mimi naandika. Tukafanikiwa. Nikaingiza rekodi mia nne kwa mkono wangu, najiona mkutubi wa kisasa. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikafa.

Nilipompigia aliuliza swali moja. "Bakapu umeweka wapi?"

Nilinyamaza mpaka akadhani simu imekatika. Hakunisuta. Alisema na yeye ilimtokea, rekodi zaidi ya zangu, na kwamba kwao kila Ijumaa mchana mtu mmoja ananakili data kwenye flashi na kuipeleka jengo lingine. Mpaka leo kila Ijumaa kabla ya sala ya adhuhuri nanakili, na flashi inalala nyumbani kwangu Magomeni. Neno bakapu lilikuwa kwenye madaftari yangu ya chuo. Nimethibitisha, nilikwenda kulitafuta.

Kwa hiyo ukiniuliza leo aanzie wapi aliyepangiwa kituo cha kwanza, nitamwambia ahesabu watu walio umbali wa kutembea kwa miguu. Bagamoyo pekee, ukiacha chuo, kuna misheni ya Kikatoliki iliyoanza mwaka 1868 na ina makumbusho yake, kuna TaSUBa, ambako ngoma na tamthilia zinafundishwa na lazima mtu fulani anahangaika na kanda na picha, kuna masjala ya halmashauri, kuna madrasa. Kila palipo na kitu kilichotunzwa pana mtu anayekitunza, na mtu huyo ni mwenzako hata kama cheo chake hakina neno maktaba. Nenda ukamwamkie. Nenda na swali moja la kweli, usiende kujitambulisha tu. Watu huchoka na wanaojitambulisha, ila wakiulizwa kazi yao huongea mpaka chai inapoa.

Ya mbali yasiyohitaji nauli yapo pia. AfLIA, jumuiya ya vyama na taasisi za maktaba Afrika yenye makao Accra, huendesha mafunzo mtandaoni, na Shirikisho la Kimataifa la Vyama na Taasisi za Maktaba, IFLA, lina kikundi maalumu cha wanaoanza kazi. Ninalolipenda zaidi ni 1Lib1Ref, iliyoanza mwaka 2016: mara mbili kwa mwaka, kati ya Januari na Februari, kisha Mei na Juni, wakutubi duniani kote wanaombwa waongeze angalau rejea moja kwenye Wikipedia. Wikipedia ya Kiswahili ina makala nyingi zisizo na rejea hata moja, na wewe umekalia vitabu vyenye majibu. Bando la siku moja linatosha, na ukihariri makala ya mji wenu, kuna mtu usiyemjua atakuja kukusahihisha. Hapo mmeshajuana.

Lawama nyingine ni yetu sisi tuliotangulia. Tunalalamika vijana hawapigi simu, lakini mwaka juzi binti mmoja aliyehitimu alinitumia ujumbe kuuliza habari za vitabu vya msaada kutoka nje: ana maboksi yamejaa vitabu vya mitaala isiyo yetu, je, ana ruhusa ya kuvikataa? Swali zuri, swali gumu, mkuu wake wa shule alishapiga picha navyo. Nilisoma, nikasema nitamjibu jioni. Jioni hiyo haikufika. Nilikuja kukumbuka baada ya miezi mitatu, tena kwa sababu nilikuwa natafuta namba ya fundi.

Nilimwomba radhi na nikamjibu nilichojua: ana haki ya kuchagua, aandike sera fupi ya ukurasa mmoja kuhusu vitabu vya kupokea, mkuu aitie saini, ili siku nyingine anayekataa iwe ni karatasi. Akanishukuru kwa adabu iliyoniuma zaidi kuliko angenitukana.

Tangu Agosti tumeanza kutembeleana. Hatuna jina, hatuna katiba wala mweka hazina. Tuko watano. Jumamosi moja kwa mwezi tunakwenda kwenye maktaba ya mmoja wetu, mwenyeji anapika, na tunafanya kazi ile iliyomshinda akiwa peke yake. Tumepanga upya rafu ya sayansi, tumepunguza vitabu vibovu (hapo kuna kilio, mkutubi kutupa kitabu ni kama kumfukuza mtoto), na siku moja tulitumia asubuhi nzima kufukuza popo darini.

Mwezi huu ni zamu ya yule binti, shule yake iko Kiwangwa. Amesema tupande magari ya Msata mapema, tuje na gundi ya lebo kwa sababu ya kwake imekauka, na mananasi tusinunue barabarani, ameshatuwekea.