Plazma Iliyojipasha Moto Yenyewe

Mpwa wangu yuko mwaka wa tatu, anasoma fizikia. Ijumaa iliyopita alifika kwangu Kisauni, laptopu mkononi, akaifungua mezani kabla hajaketi. "Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie hii." Kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja mwekundu unaopanda tangu hatua ya kwanza ya hesabu hadi ya elfu kumi. Ulikuwa mstari wa nishati ya jumla ya plazma aliyoiiga kwa kompyuta. Sanduku lenyewe limefungwa, hakiingii kitu wala hakitoki, na bado elektroni zilikuwa zikizidi kuchemka.

Nilifurahi kwelikweli. Kwa miaka nimebishana na wenzangu juu ya namna ya kumwanzisha mwanafunzi katika uigaji wa plazma kwa kompyuta. Wengi humpakulia programu kubwa iliyokwisha kuandikwa, akajaza vipimo, akabonyeza, akapata picha za kupendeza. Mimi nashikilia kwamba ya kwanza aiandike mwenyewe, mstari kwa mstari, hata ikiwa ya mwelekeo mmoja tu. Kosa alilolipata mpwa wangu ni elimu ambayo picha nzuri haimpi mtu.

Plazma, ambayo wengine huiita utegili, ni gesi iliyopata nguvu hadi elektroni zikabanduka kwenye atomi zake. Jua ni plazma, radi ni plazma, na mwali ule mkali wa mafundi wanaochomelea vyuma kule Changamwe ni plazma vilevile. Ugumu wake ni kwamba kila chembe ina chaji, kwa hiyo kila moja inazivuta au kuzisukuma nyingine zote. Chukua chembe milioni moja: tayari una jozi karibu bilioni 500, na kila hatua ya muda zihesabiwe upya. Hakuna laptopu ya kuubeba mzigo huo.

Njia inayoupunguza ni gridi: nukta zilizopangwa kwa nafasi sawa. Kila nukta ni nodi, na nafasi iliyo kati ya nodi mbili ni chumba. Chembe hazisemezani zenyewe kwa zenyewe. Zinasemezana kupitia nodi za gridi. Mchezaji wa bao atalishika jambo hili upesi, isipokuwa hapa kete moja hugawanywa kati ya mashimo mawili. Chembe ikiwa imekwenda 0.3 ya njia kutoka nodi ya kushoto kuelekea ya kulia, 0.7 ya chaji yake inawekwa kushoto na 0.3 kulia. Chembe zote zikishagawa, tunajua kila nodi ina chaji kiasi gani, na kwa mlinganyo wa Poisson tunapata uga wa umeme. Kisha kila chembe inausoma uga huo kwa mizani ileile, 0.7 kutoka kushoto na 0.3 kutoka kulia, inaongezewa kasi, inasogea, na duara linaanza tena. Mizani ya kusoma isipokuwa sawa na ya kuweka, chembe inaweza kujisukuma yenyewe, jambo ambalo halipo duniani. Mpwa wangu alikuwa ameliweka hilo sawasawa, na nilimsifu.

Kwa njia hii kazi inakua kwa kadiri ya idadi ya chembe, si kwa idadi ya jozi. Tena chembe moja ya kompyuta husimama badala ya elektroni nyingi mno. Haidhuru kitu, kwa kuwa uwiano wa chaji na uzito wake unabaki uleule, hivyo njia inayopita ni ileile ambayo elektroni moja ingepita. Wanafizikia Oscar Buneman na John Dawson walikuwa wakifanya hesabu za aina hii tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa mashine ambazo simu iliyo mfukoni mwako inazishinda mbali. Waliona mengi kwa mwelekeo mmoja tu.

Sasa turudi kwenye moto. Sikumwambia kosa liko wapi. Nilimuuliza, "Kila chumba cha gridi yako kina upana gani, ukikipima kwa urefu wa Debye?" Akanyamaza, akachukua karatasi.

Urefu wa Debye ni umbali ambao chaji moja husikika kabla elektroni za jirani hazijaifunika. Fikiria mtu anayepiga kelele katikati ya umati unaosubiri feri Likoni. Wa karibu wanamsikia, lakini hatua chache mbele sauti yake imekwisha kumezwa. Chumba cha gridi kikiwa kipana kuliko umbali huo kwa mbali, gridi haioni kinachotendeka ndani yake. Mawimbi mafupi kuliko chumba hayapotei. Yanajitokeza kwenye gridi kwa sura ya mawimbi marefu ambayo hayapo, na nguvu hizo za uongo zinazisukuma chembe huku na huku. Ndipo joto linapopanda.

Alipomaliza kuhesabu akainua kichwa. "Mara kumi, mjomba. Chumba kimoja ni urefu wa Debye mara kumi." Tukaendelea. Urefu huo hurefuka plazma inapopata joto: joto likipanda mara nne, wenyewe unakuwa maradufu. Kwa hiyo moto wa uongo huendelea mpaka urefu wa Debye ukaribiane na upana wa chumba, kisha kasi ya kupanda inapungua. Akacheka. "Kwa hiyo inanenepa mpaka ijaze nguo niliyoishonea." Sijasikia maelezo bora kuliko hayo, na nimesoma mengi.

Angepewa programu kubwa siku ya kwanza, asingeuona mstari ule. Programu hizo zina ulainishaji, zina njia za kugawa chaji kwa nodi nyingi zaidi, zina kila namna ya kupunguza moto huu, na waliozitunga wamefanya kazi ya heshima. Lakini hazikulazimishi kujua zinakukinga na nini. Siku utakapoivuta mipaka yake bila kujua, utapata picha tamu ya plazma yenye joto ambalo hukuliweka, na utaiandikia tasnifu.

Wapo wanaosema mambo haya ni ya wenye mashine kubwa. Mhadhiri mmoja alimwambia mpwa wangu aiache plazma, achague kitu kinachowezekana huku kwetu. Liliniuma. Ayonosfia, ile sehemu ya juu ya angahewa yenye plazma, iko juu ya Nyali kama ilivyo juu ya London, tena katika ukanda huu wa tropiki ndiko inakovurugika zaidi baada ya jua kutua, mawimbi ya setilaiti yakayumba. Mchana, kilomita 300 juu yetu, kila sentimita ya ujazo inaweza kuwa na elektroni kama milioni moja, na urefu wa Debye hapo ni takriban milimita 2. Kilomita moja ya anga kwa mstari mmoja inadai vyumba nusu milioni. Ukitaka pande zote tatu, hakuna mashine iliyojengwa inayoweza. Mwenye kompyuta kuu na mwenye laptopu wote wawili itabidi wachague cha kuacha, na uchaguzi huo unatoka kwa mtu anayejua kila chumba cha gridi kinaficha nini.

Halafu watu husahau kwamba Uhuru, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya unajimu wa eksirei, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ndiyo maana ikapewa jina la Kiswahili. Kati ya ilivyovitambua ni Centaurus X-3, nyota ya nyutroni inayofyonza gesi ya mwenzake. Leo plazma inayozizunguka nyota za nyutroni inaigwa kwa chembe na gridi, kwa duara lilelile la hatua nne alilokuwa nalo mpwa wangu mezani pangu.

Siwakatazi vijana programu kubwa. WarpX, ambayo hesabu zake zilishinda tuzo ya Gordon Bell, ya hesabu za kompyuta kuu, mwaka 2022, ni ya bure na yeyote anaweza kuipakua. Nitamsaidia kuisakinisha mwezi ujao.

Jumamosi usiku alipiga simu. Alikuwa amevipunguza vyumba upana mara kumi, na kwa kuwa sasa ni vingi, akaongeza na chembe ili kila chumba kisibaki na chache mno. Hilo nalo aliligundua mwenyewe, baada ya uga wake kujaa kelele: ukitaka kelele ipungue nusu, chembe ziwe mara nne. Feni ya laptopu ilikuwa ikilia hadi naisikia kwenye simu. Mstari wa nishati umelala, akasema, unatikisika kidogo tu. Kisha akauliza uga wa sumaku unaingizwaje. Nikamwambia hesabu ya Boris ya mwaka 1970 inatosha kurasa mbili za daftari, aje nalo Jumapili baada ya alasiri.